Mboji katika kihamba: kupunguza madhara ya shaba ardhini na kuokoa maji ya mfereji

Mboji ni mbolea inayopatikana baada ya mabaki ya mimea na kinyesi cha mifugo kuozeshwa pamoja kwa utaratibu, penye hewa na unyevu wa kutosha, mpaka vyote vikawa kitu kimoja cheusi, chepesi, kinachomong'onyoka mkononi na kunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Wazee wa Kilimanjaro waliilisha migomba yao kwa samadi na majani yaliyooza kwa vizazi vingi kabla mbolea za viwandani hazijafika madukani. Waamini wengi wanaifahamu mboji kama chakula cha mimea. Makala hii inaeleza kazi zake nyingine mbili ambazo hazisemwi mara nyingi: kupunguza madhara ya sumu zilizokwisha kuingia katika udongo, hasa shaba iliyotokana na dawa za kahawa, na kupunguza maji yanayohitajika kumwagilia shamba.

Inafaa tuseme tangu mwanzo kwamba kazi hizo mbili zina mipaka. Mboji haiondoi shaba ardhini. Inaifunga isiidhuru mizizi. Wala mboji haiongezi maji katika mfereji. Inauwezesha udongo kuyatunza yale yaliyokwisha kufika, ili mkulima ahitaji machache zaidi na mengine yamfikie jirani yake. Anayeitumia bila kuijua mipaka hiyo anaweza kupata hasara, tena akaidharau mbolea ambayo haina kosa.

Shaba ilifikaje katika vihamba vyetu

Kahawa ilianza kulimwa Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, na wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuwa Kilema ni miongoni mwa waliotangulia kuipanda. Katika miaka ya 1920 wakulima wenyeji walianza kujiunga ili kuuza kahawa yao pamoja, na mwaka 1933 ukaanzishwa Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, kinachojulikana hadi leo kama KNCU. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kilifunguliwa Lyamungu. Zao hilo lilisomesha watoto, likajenga shule, zahanati na makanisa.

Kahawa aina ya Arabika ina maadui wawili wakubwa wa jamii ya ukungu: kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yakingali mabichi. Chulebuni ilienea nchini katika miaka ya 1960. Dawa iliyotegemewa dhidi ya magonjwa hayo ilikuwa ya shaba, ile ya rangi ya buluu ambayo wakulima wengi huiita mrututu. Shamba lilipigwa dawa mara kadhaa kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, na kila mvua iliponyesha sehemu ya shaba ilioshwa kutoka majanini ikaanguka chini ya mibuni.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Viuatilifu vingi vya kisasa ni vitu vilivyoundwa kwa kemikali, na kadiri muda unavyopita jua, maji na vijidudu vya udongo huvivunjavunja, vingine haraka na vingine polepole sana. Shaba ni madini. Haiozi, haiungui, haipotei hewani. Iliyoanguka chini ya mbuni wa babu ingali pale, sehemu kubwa ikiwa katika sentimita 20 za juu za udongo, yaani pale pale inapoota mizizi ya maharage, ya mchicha na ya miche michanga. Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro umeonyesha kwamba udongo uliopigwa dawa hizo kwa miaka mingi una shaba nyingi kuliko udongo wa kawaida. Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Mashamba ya mizabibu ya Ulaya, ambako dawa ya mrututu na chokaa ilianza kutumika katika karne ya 19, yana tatizo hilo hilo, na ndiyo maana tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika muda wa miaka 7.

Mimea na wanyama huhitaji shaba, lakini kwa kiasi kidogo mno. Inapozidi, mizizi hudumaa na kuwa mifupi na minene, majani machanga huwa ya manjano, nyungunyungu hupungua, na vijidudu vinavyoozesha majani hufanya kazi yao kwa uvivu. Mbuni mkubwa wenye mizizi inayokwenda chini unaweza kuvumilia. Mche wa nyanya hauwezi.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo kuliko zamani

Kihamba cha asili kilijilinda chenyewe bila mwenyewe kujua. Juu palikuwa na miti ya kivuli, katikati migomba, chini yake mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe alifungwa nyumbani, akaletewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake ikarudi shambani. Ni mfumo wenye hekima kubwa, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua ule wa Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Katika udongo wa namna hiyo, wenye mboji nyingi, shaba ilishikwa na kutulizwa.

Leo vihamba vinabadilika. Familia zimegawana mashamba mpaka yakawa madogo. Bei ya kahawa imewakatisha wengi tamaa, nao wameing'oa mibuni, wakakata miti ya kivuli na kupanda nyanya, kabichi, karoti au mahindi. Ng'ombe wamepungua, na samadi pamoja nao. Udongo uliokuwa umefunikwa mwaka mzima sasa unachomwa na jua. Mboji yake inaliwa na vijidudu bila kurudishiwa nyingine. Mahali pa samadi inawekwa mbolea ya viwandani, mara nyingi ya jamii ya amonia kama vile SA, ambayo ikitumika miaka mingi bila chokaa wala mboji huongeza tindikali ya udongo.

Mambo hayo mawili yakikutana, yaani mboji kupungua na tindikali kuongezeka, shaba iliyolala huamka. Mkulima hajapiga mrututu kwa miaka 10, lakini mboga zake zinadumaa, na haelewi kwa nini. Huongeza mbolea ile ile, tindikali ikazidi, na hali ikawa mbaya zaidi.

Mboji inafanya nini dhidi ya sumu

Kwanza, mboji hufunga shaba. Sehemu ngumu ya mboji, ile isiyooza upesi, ina uwezo mkubwa wa kushika madini, na miongoni mwa madini ya kawaida shaba ndiyo inayoshikwa kwa nguvu zaidi. Shaba iliyoshikwa hivyo ingali ndani ya udongo, na maabara ikipima jumla yake itaikuta, lakini mizizi na nyungunyungu haviipati kwa urahisi.

Pili, mboji hupunguza makali ya tindikali. Shaba huyeyuka zaidi katika udongo wenye tindikali kali, hasa pale kipimo cha pH kinaposhuka chini ya 5.5. Mboji nzuri husaidia kukipandisha kidogo na kukizuia kisiyumbeyumbe. Tindikali ikiwa kali sana, mboji peke yake haitoshi. Itahitajika pia chokaa ya kilimo kwa kiasi atakachoeleza bwana shamba baada ya udongo kupimwa.

Tatu, mboji huleta vijidudu vingi na kuwalisha. Hao ndio wanaovunjavunja mabaki ya viuatilifu vingi visivyo vya madini. Udongo ulio hai husafisha sehemu ya uchafu wake wenyewe. Udongo uliokufa huutunza.

Nne, mboji hupunguza haja ya kuongeza vitu vingine. Mkulima anayeweka mboji kila mwaka anaweza kupunguza mbolea ya viwandani hatua kwa hatua, kwa sababu ile anayoiweka haisombwi upesi na maji kwenda kwenye mito na visima.

Tano, udongo wenye mboji hushikamana na kunywa mvua, hivyo haumomonyoki kirahisi. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana udongo unaobebwa na mvua hubeba shaba yake pia mpaka mitoni, na shaba ni sumu kali kwa samaki.

Pamoja na hayo yote, ni lazima tukumbuke mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba mboji yenyewe huliwa na vijidudu, na katika nchi za joto huliwa haraka. Anayeiweka mwaka mmoja na kuacha miaka mitano ameifungua tena shaba aliyoifunga. Jambo la pili ni kwamba hakuna mboji inayoweza kushindana na mkono unaoendelea kumwaga shaba. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoko Lyamungu, imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, ambazo hazihitaji dawa za shaba kama zile za zamani. Kupanda miche hiyo mahali pa mibuni iliyozeeka ni kufunga bomba kabla ya kukausha sakafu.

Mboji na maji ya mfereji

Mifereji ya Kilimanjaro ilichimbwa na mababu kwa jembe na busara. Ilichukua maji kutoka kwenye mito ya msituni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake na wajibu wake wa kusafisha. Mingi ingali ya udongo mtupu, hivyo sehemu kubwa ya maji hupotea njiani. Watu nao wameongezeka, na mboga zinazolimwa kiangazi zinahitaji maji mengi kuliko migomba.

Kinachopungua mlimani hupungua zaidi tambarare. Chini ya mji wa Moshi ipo skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987, ambayo wakulima wake wa mpunga wamelalamikia uhaba wa maji kwa miaka mingi. Mbele zaidi kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, wavuvi wake, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Wote hao hunywa mto ule ule tunaoufungulia mashamba yetu.

Maji tunayomwagilia yana njia tatu za kupotea. Mengine hutiririka juu ya ardhi kwa sababu udongo umegandamana na hauwezi kuyanywa. Mengine huzama chini sana, kupita pale mizizi inapofika, hasa katika udongo wa kichanga. Mengine hupandishwa hewani na jua na upepo. Mboji hupambana na njia mbili za kwanza: huufanya udongo uwe na vitundu vya kupitishia maji, na wakati huo huo huyashika kama sifongo. Katika udongo wa kichanga faida hiyo huonekana upesi. Katika udongo wa mfinyanzi faida kubwa zaidi ni ule wepesi wa kunywa maji.

Njia ya tatu huzibwa na matandazo, yaani majani makavu, nyasi, mabua au vigogo vya migomba vilivyopasuliwa na kutandazwa juu ya ardhi. Mboji ndani ya udongo na matandazo juu yake ni ndugu wawili. Kimoja bila kingine hufanya nusu ya kazi. Tuchukue hesabu rahisi. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni takribani lita 4,000, sawa na madebe 200 ya lita 20. Ikiwa matandazo yatazuia milimita moja tu isipandishwe na jua kwa siku, shamba la robo ekari litakuwa limeokoa madebe 50 kila siku. Katika zamu ya mfereji ya wiki moja hayo ni madebe 350, maji ya kutosha kubadili maisha ya shamba la jirani.

Lakini hayo ni maji yaliyobaki ardhini. Hayajaokolewa bado. Mkulima aliyeweka mboji na matandazo, kisha akaendelea kufungulia mfereji kwa saa zile zile kwa sababu ni zamu yake, hajamwachia mtu yeyote tone. Ameyazamisha tu chini ya mizizi, pamoja na mbolea yake. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, chimba kwa mkono au kijiti kina cha sentimita 15, chota udongo na uufinyange. Ukishikamana na kuwa donge, mmea bado una maji, subiri. Ukimwagika kama unga, mwagilia, tena asubuhi na mapema au jioni. Ukimaliza kabla ya zamu kwisha, ziba na umwarifu anayefuata.

Namna ya kutengeneza mboji

Mahali. Chagua sehemu ya kivuli, isiyotuamisha maji, karibu na banda la mifugo na mbali na mfereji, kisima na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Hata pale ambapo sheria haikugusi, usiruhusu maji ya rundo yaingie katika maji ya watu.

Malighafi. Zinahitajika za aina mbili. Za kwanza ni zile kavu na ngumu: mabua ya mahindi, majani makavu ya migomba, nyasi kavu, maganda ya maharage. Za pili ni zile mbichi na laini: majani mabichi, magugu yasiyo na mbegu, mabaki ya jikoni na samadi. Kwa kipimo cha macho, sehemu mbili kavu kwa sehemu moja mbichi zinafaa. Mbichi zikizidi, rundo litanuka. Kavu zikizidi, halitaoza.

Kupanga. Rundo liwe na upana wa mita moja na nusu na urefu wowote unaoruhusiwa na malighafi. Anza na mabua magumu ili hewa ipite chini. Juu yake weka tabaka la vitu vikavu lenye unene wa sentimita 20, kisha vitu vibichi sentimita 10, kisha samadi sentimita 5, kisha udongo kidogo wa shambani na majivu machache ya kuni. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia mpaka rundo lifike kimo cha mita moja na nusu, kisha lifunike kwa majani ya migomba. Kata kila kitu vipande vifupi. Vipande virefu huchelewa kuoza.

Kupima joto. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo. Baada ya siku nne au tano kichomoe na kukishika. Kikiwa cha moto, kazi inakwenda vizuri. Katikati ya rundo zuri joto hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Sentigredi, nalo huua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi, kimelowa na kinanuka, geuza rundo na uongeze vitu vikavu.

Kugeuza. Geuza baada ya wiki tatu, cha nje kiwe ndani na cha ndani kiwe nje, kisha geuza tena baada ya wiki tatu nyingine. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu. Katika vijiji vya juu penye baridi inaweza kuhitaji mwezi mmoja zaidi.

Kujua kama imeiva. Mboji iliyoiva haina joto wala harufu ya samadi, na huwezi kutambua kilichokuwa jani na kilichokuwa bua. Usiharakishe. Katika udongo wenye shaba nyingi, samadi mbichi au mboji isiyoiva inaweza kudhuru badala ya kusaidia, kwa sababu majimaji yake huiyeyusha shaba na kuitembeza.

Namna ya kuitumia

Kwa mbuni mkubwa, weka debe moja hadi mawili kwa mwaka, ukitandaza chini ya matawi yake na kuchanganya kidogo na udongo wa juu bila kukata mizizi. Kwa mgomba, weka kuzunguka shina upande unaoelekea mlimani ili mvua iiteremshe mizizini. Kwa bustani ya mboga, changanya ndani ya sentimita 15 za juu kabla ya kupanda. Kisha weka matandazo, ukiacha nafasi ya kiganja kati yake na shina ili kuzuia mchwa na uozo.

Anayetaka kupanda mboga mahali palipokuwa na mibuni ya zamani asianze na shamba zima. Apime udongo kwanza. Bwana shamba wa kata anaweza kueleza namna ya kuchukua sampuli na kuzipeleka katika maabara ya TaCRI Lyamungu, kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Aombe wazi kwamba shaba na pH vipimwe; kipimo cha kawaida cha rutuba huweza kuiacha shaba nje.

Mambo ya kuepuka

Mboji hubeba kile ilichotengenezwa nacho. Kwa hiyo usiweke rundoni betri, plastiki, vioo, majivu ya mbao zilizopakwa rangi, wala makopo na mifuko ya viuatilifu. Takataka za sokoni zinafaa endapo zimechambuliwa.

Majani na maganda ya mibuni inayopigwa mrututu hurudisha shaba ile ile shambani. Yatumie kwa kiasi, na kwa mibuni yenyewe, si kwa mboga. Kinyesi cha nguruwe wanaolishwa chakula cha dukani kinaweza pia kuwa na shaba, kwa sababu huongezwa katika baadhi ya vyakula vyao. Kwa udongo ambao tayari una shaba, samadi ya ng'ombe na mbuzi ni salama zaidi.

Zipo pia dawa chache za kuua magugu, kama klopiralidi na aminopiralidi, ambazo hupita katika tumbo la ng'ombe na katika joto la rundo bila kuharibika. Ukinunua samadi au mboji usiyoijua asili yake, fanya jaribio: jaza kopo moja udongo mzuri, na la pili mchanganyiko nusu kwa nusu wa udongo huo na mboji, panda maharage manne katika kila kopo. Baada ya wiki tatu, ikiwa maharage ya kopo la pili yamejikunja majani na kupindapinda, usiipeleke mboji hiyo shambani.

Migomba yenye ugonjwa wa mnyauko isiingie rundoni. Ing'olewe na kuharibiwa kama wataalamu wa kilimo wanavyoelekeza. Na kamwe bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe katika mfereji. Kuna mtoto anachota maji ya kunywa hatua chache chini yake.

Wajibu wetu kama waamini

Katika Waraka wake wa kitume Laudato si', wa tarehe 24 Mei 2015, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alieleza, katika aya ya 22, jinsi maumbile yanavyopokea tena mabaki yake na kuyageuza kuwa uhai mpya, wakati viwanda na mazoea yetu ya kutupa vitu havijajifunza kufanya hivyo. Katika aya ya 30 alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Rundo la mboji linaunganisha mafundisho hayo mawili katika ua wa nyumba: kilichotupwa kinakuwa chakula cha udongo, na maji yanayobaki yanamfikia mwenye haki nayo.

Katika mfano wa mtini usiozaa, Injili ya Luka sura ya 13, mtunza shamba hakubali haraka mti ukatwe. Anaomba mwaka mmoja wa kupalilia na kuweka mbolea. Ardhi yetu pia inahitaji muda huo, na pengine zaidi ya mwaka mmoja, kwa kuwa kilichoingizwa kwa zaidi ya nusu karne hakitatulizwa kwa msimu mmoja.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba na kumalizika tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kinaangukia wakati mzuri. Mabua ya mahindi ya tambarare yamekwisha kuvunwa, na rundo litakaloanza wakati huo litakuwa tayari vuli ikikaribia kwisha, mapema kabla ya masika. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kujenga rundo moja la mfano katika kihamba cha mjane au mzee asiye na nguvu, na kila familia ikajifunza hapo kabla ya kwenda kutengeneza lake. Vigango vyenye bustani vinaweza kufanya vivyo hivyo badala ya kuchoma majani.

Kuhusu maji, waamini waliomo katika kamati za mifereji na Jumuiya za Watumia Maji wanaweza kupeleka hoja moja rahisi katika mkutano ujao: kwamba anayemaliza kumwagilia kabla ya zamu yake kwisha awe na utaratibu unaojulikana wa kumkabidhi maji jirani wa chini, bila kupoteza haki ya zamu yake inayofuata. Wakulima wengi hushikilia mfereji kwa hofu ya kunyang'anywa zamu, hata kama shamba limekwisha kushiba. Hofu hiyo ikiondolewa kwa makubaliano yaliyoandikwa, kilichotunzwa na mboji mlimani kitafika tambarare.